Neno Moja Katika Hati

Fundi cherehani alimuuguza mama yake miaka sita, katika nyumba ile ile alimozaliwa. Mama alipofariki, kaka yake, mwalimu wa Kiingereza, alileta rasimu ya makubaliano kwa Kiingereza: nyumba iandikwe kwa jina la kaka, dada akae humo maisha yake yote.

Wiki iliyofuata akarudi na nakala safi ya kutia saini. Fundi, mwenye jicho la kuona mshono uliopinda hata nusu uzi, aliona neno moja limebadilika.

"Kaka, hapa palikuwa na 'shall'. Mbona sasa ni 'may'?"

"Ah, hayo ni mapacha, dada. Yote ni vitenzi visaidizi, yote hukaa kabla ya kitenzi chenyewe. Maana ni ile ile."

Fundi akatia saini. Huyu ndiye aliyemshika mkono akamfundisha kuandika jina lake. Angemtilia shaka vipi?

Mwaka haukuisha. Kaka akaja kumwambia nyumba imepata mnunuzi, ahame ndani ya mwezi mmoja. Fundi akacheka, akidhani ni utani. Kaka hakucheka.

Kesho yake fundi alimwonyesha hati mteja wake mmoja, karani wa mahakama. Karani akasoma, akavua miwani.

"Kisarufi kaka yako hakudanganya. Yanakaa mahali pamoja. Lakini kwenye hati kama hii, 'shall live' ni sharti: utakaa, hakuna wa kukutoa. 'May live' ni ruhusa tu. Aliyeitoa anaweza kuiondoa."

"Mtu anaweza kuyachanganya?"

"Mimi, labda. Mwalimu wa Kiingereza?" Akamrudishia hati.

Jioni fundi alimkuta kaka yake akisahihisha madaftari.

"Ungeniambia unaitaka nyumba, ningelia, ningekununia, mwisho ningekusamehe. Lakini nilikuuliza, kaka. Nilikuuliza kwa mdomo wangu."

Kaka hakuinua uso. "Wakili wangu alisema hivyo ni salama zaidi."

"Salama kwa nani?"

Kalamu ilisimama juu ya ukurasa.

Fundi alihama Jumamosi, akapanga chumba nyuma ya duka la vitambaa. Kaka alitokea asubuhi, mikono ya shati ameikunja, akashika upande mmoja wa kabati la mama.

"Liache," fundi akasema. "Nimeshaita wabebaji."

Kaka alibaki amesimama mlangoni, akiwapisha wageni waliokuwa wakitoa vitu vya mama yake.