Tope la Kiboko wa Jiwe

Kibokoni, mji mkongwe wa ukingoni mwa Rufiji, una kiboko mmoja asiyekula mpunga wa mtu. Ni wa jiwe, amelala sokoni mdomo wazi, na hakuna anayejua alichongwa na nani. Waarabu walimkuta, Wajerumani walimkuta. Picha yake imo kwenye jezi za timu, kwenye magunia ya mchele, hadi kwenye muhuri wa mwenyekiti.

Zaitun alikuwa akikaanga vitumbua mkabala naye tangu amalize darasa la saba, mwaka wa tisa huu. Ndiyo maana aliuona wa kwanza ule waraka uliobandikwa ukutani: Jumamosi kiboko atachukuliwa, akawekwe kwenye hoteli mpya ya watalii kule barabara kuu. Chini pana sahihi ya mwenyekiti Twalibu, na muhuri.

"Mwenyekiti, umemtoa kwa muhuri wenye sura yake mwenyewe?" Zaitun alimuuliza alipokuja kununua kitumbua.

"Sikumtoa, mwanangu. Wamesema watamtunza. Hapa anakojolewa na mbuzi."

"Na mbuzi wenyewe si ni wako?"

Watu wakaangua kicheko, Twalibu akainamia kitumbua chake. Lakini kicheko hakizuii lori. Karatasi ya kuonyesha kiboko ni wa nani haikuwapo. Zaitun alikuwa na desturi tu.

Kila mwaka, kabla ya kupanda mpunga, kila mama hubeba tope la shamba lake akampaka kiboko kwa kiganja. Likishapakwa haliguswi, mpaka likauke lidondoke lenyewe. Anayelibandua amelibandulia shamba lile riziki yake. Kupanda kulikuwa bado miezi miwili. Ijumaa, watu walipotoka msikitini, Zaitun akapanda kutoka bondeni na ndoo imejaa tope.

"Weye Zaitun, msimu bado!" alimpigia kelele Salima, jirani yake.

"Lori halina msimu, shoga."

Salima akaenda kutafuta ndoo yake. Kina mama wengine wakafuata, ikafika alasiri kiboko amenenepa kwa tope, viganja juu ya viganja.

Asubuhi lori likaingia, na bwana Tamimu, msimamizi wa hoteli, suruali imenyooka kwa pasi. Vijana wanane wa kubeba alikuwa amewakodi hapo hapo Kibokoni, kwa kubana matumizi. Akakosea hapo.

"Haya vijana, kamba!"

Hakusogea mtu. Zaitun akaepua chuma cha vitumbua, akaja. Miaka yote ile alikuwa akitazama nani anapaka wapi, na tope la shamba gani lina rangi gani.

"Yassin, lile jekundu la shingoni ni la mama yako. Swalehe, hilo jeusi la shangazi yako, la kule mtoni. Haya, shikeni! Si mmekuja kushika?"

Yassin akaficha mikono mgongoni.

"Ushirikina huu!" Tamimu akafoka.

"Hatujamwomba kitu, bwana. Tumempaka tope."

"Basi litakauka. Nitarudi wiki ijayo."

"Karibu sana. Sie tuna bonde zima la tope. Weye una lori moja."

Tamimu akakunja mikono ya shati, akanyakua koleo, akalielekeza ubavuni mwa kiboko. Mkono ukamdaka. Ulikuwa wa Twalibu.

"Bwana, hicho kiganja cha mke wangu. Ukikibandua, mie leo sina pa kulala."

"Lakini si umetia sahihi!"

"Nimetia. Na sasa naitengua, mbele ya watu hawa."

Akauendea ukuta, akauchana waraka vipande viwili. Vijana wakakunja kamba zao. Lori likageuka tupu, likiwarushia vumbi kuku wa sokoni.

"Watarudi na winchi kutoka Dar, hao," Twalibu akasema, sauti imemshuka.

"Na warudi," akajibu Zaitun. Alikwisha piga magoti, akichungulia chini ya kiboko, mahali kamba ya winchi ingepita. "Nani amebakiwa na tope? Tumbo hatujalipaka."