Mtoto wa Kuazima

Huko Nebraska, miaka ile, watu waliazimana watoto kama sufuria. Sheria ilimpa mlowezi haki ya kwanza ya kununua ardhi ya serikali aliyokwisha kuijenga na kuilima, na mwanamke asiyeolewa hakuipata mpaka awe na familia. Basi mabinti wa mjini wakawaasili watoto wa watu asubuhi, wakala kiapo mchana, jioni wakawarudisha. Kila mtu alijua, na kila mtu alicheka. Kinyaa kitupu.

Permelia, dada wa mwenye duka, alimfuata Lovisa, mjane aliyelima mahindi kando ya kijito.

"Shoga, niazime Dorcas siku moja tu. Nitamnunulia viatu."

"Utamrudisha lakini?"

"Kwani nitamla? Weka alama kwenye karatasi hii."

Lovisa hakujua kusoma. Mtoto alikuwa na miaka sita na hakuwahi kuvaa kiatu. Akachora msalaba wake.

Wakaenda wote ofisi ya ardhi. Lovisa mwenyewe alikuwa hajaandikisha shamba lake. Mumewe alisema kesho, kesho, mpaka homa ikamchukua, na yeye alikuwa akingoja auze mahindi kwanza. Akasimama mlangoni, akimwonea fahari mwanawe.

Karani akamwinamia mtoto. "Haya, mrembo, kwenu kukoje?"

"Kuna nyumba ya magogo. Na kisima nyuma. Alichimba baba."

"Huyu hadanganyi," karani akasema, akagonga muhuri kwenye hati ya Permelia ya shamba la kando ya kijito.

Lovisa akaruka. "Kisima changu hicho! Shamba langu! Na huyo ni mwanangu!"

"Mwanao?" Karani akainua karatasi. "Msalaba wa nani huu? Umeandika umemtoa moja kwa moja. Kama ulitudanganya sema, mama, jela haiko mbali."

Wanaume waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. "Permelia kiboko!" mmoja akasema, kana kwamba ameona mchezo wa ngumi.

Permelia akamsukuma mtoto kwa mama yake. "Mchukue, shoga, nimemaliza naye. Mhame kabla ya Jumapili. Mahindi muyaache."

Lovisa akamshika mtoto mkono. Aliwachukia wote mle ndani, na alijichukia mwenyewe zaidi.

Dorcas akamvuta sketi. "Mama, nimejibu vizuri?"

"Umejibu vizuri," Lovisa akasema, maana angemwambia nini?