Fundo la Mbeleko

Mwaka ule watu walikuwa wakipunguzwa kazini kila mahali, nami nilikuwa kibarua tu kwa Dokta Rodrick, mtaalamu wa mambo ya kale aliyekuwa akichimba karibu na Myamba. Nilimwoshea vigae. Kunyamaza nilikuwa nimekuzoea tangu chuoni.

Mwandishi wa redio alipokuja, Dokta alimwonyesha kisanamu cha mwanamke, cha udongo, kirefu kama kidole.

"Mungu wa uzazi," alisema. "Tazama matiti. Na hii mistari ya kifuani ni mapambo ya ibada. Wanaume walimsujudia."

Bibi Beatha, mfinyanzi aliyetuletea maji, alicheka mpaka akashika mbavu. "Mapambo? Mwanangu, kwani wewe hukubebwa? Hilo ni fundo la mbeleko!"

"Mama, tunarekodi," alisema Dokta.

Nilikigeuza kisanamu. Mgongoni palikuwa na kovu bapa. Wiki nzima nilipaosha bila kupaelewa.

"Mtoto amebanduka," nilisema.

"Evaline, mkataba wako unaisha Ijumaa. Hutaki mwingine?"

"Nautaka sana, Dokta." Nikavuta kipaza sauti. "Huyu si mungu. Ni mama amebeba mtoto, na aliyemtambua ni Bibi Beatha. Mwulizeni yeye."

Mwandishi akamgeukia. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akajibu, akijifuta mikono kwenye kanga. "Kwanza mgeuzeni. Mbona mnamtazama matiti tu?"