Mguu wa Chuo

Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kinamwasha Mseti tangu alfajiri, na mguu wenyewe ulishazikwa nyuma ya jiko la hospitali ya mgodi tangu masika yaliyopita. Alijigeuza kitandani, akakaa, akalala, akakaa tena. Mkono ulishuka wenyewe kwenda kukuna, ukakuta godoro. Wagonjwa wenzake walishazoea. Hawakucheka tena.

Mwamba ulikuwa umemwangukia shimoni akichimba dhahabu ya watu. Goti lilipondeka, wakakata juu yake.

Mzungu aliyeletwa kumwona hakuwa na sindano wala kisu. Alitoka chuo kikuu huko kwao Uingereza, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha waliokatwa viungo kuishi na miili iliyobaki. Filemoni, mkalimani aliyesomea misheni, alimwita daktari wa mawazo. Mokami, mkewe Mseti, akashtuka.

"Baba Heche, wamekuletea daktari wa vichaa?"

"Hapana, mama," Filemoni akamtuliza. "Huyu anauliza maswali tu."

Na aliuliza kweli. Mguu unakuwasha wapi? Ukiota, una miguu mingapi?

"Miwili," Mseti alisema.

"Unafanya nini nayo?"

"Nalima. Mwambie mvua zikinikuta hapa, watoto wangu watakula nini?"

Daktari aliandika kuhusu ndoto. Kuhusu mvua hakuandika.

Kisha akaleta mguu wa mti, wenye goti la chuma na mikanda ya ngozi. Mseti aliuogopa kama maiti. Daktari hakumharakisha. Kila asubuhi alimkalisha mbele yake, akamwambia aupapase, aupake mafuta, aupe nafasi kitandani.

"Anasema usiuite 'kitu hiki'," Filemoni alitafsiri. "Sema: mguu wangu."

Mseti aliona aibu. Siku ya kwanza kauli hiyo ilimtoka kwa kunong'ona. Baadaye ikawa inatoka bila kuombwa. Alianguka, akainuka, akatukana kwa Kikurya, akaanguka tena, hadi siku aliyovuka uwanja wa hospitali bila kushika ukuta. Siku hiyo kidole hakikumwasha, na daktari alimkumbatia mbele ya wauguzi.

Wakaja madaktari wageni na wanafunzi wao. Mseti alivuliwa shati na suruali, akabaki na kaptura. Akatembea, akapanda ngazi, akapiga goti, akainuka. Walipiga makofi. Mmoja aligonga paja la mti kwa kalamu, na Mseti akarudi nyuma kana kwamba ameumia. Wakapiga makofi zaidi.

Wageni walipoondoka, Filemoni alikuja na daktari, wawili tu. Alikuwa ameshika magongo mawili mapya na hakumtazama Mseti usoni.

"Tata, baba yangu, utafiti umekwisha. Daktari anasafiri kesho. Anakushukuru sana."

"Na mimi namshukuru. Mwambie aende salama."

"Mguu unakwenda naye."

Mseti alidhani hakusikia vizuri. "Mguu gani?"

"Ni mali ya chuo. Wengine watajifunzia mguu huo."

"Yeye ana miguu yake miwili. Auache huu. Nitampa ndama."

Filemoni alitafsiri. Daktari alitikisa kichwa kwa huruma, akamshika Mseti bega, akasema maneno marefu.

"Anasema kilichopona ni akili yako," Filemoni alisema. "Anasema hicho hakuna wa kukunyang'anya."

Mseti aliomba abaki na mguu hadi kesho. Wakamkubalia. Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya mlima, alivaa suruali ndefu akatoka. Mlinzi wa lango aliona mwanamume anayechechemea kidogo, akampungia mkono.

Nyumbani mvua zilikuwa zimeshaanza. Mokami alitangulia mbele ya ng'ombe, Mseti nyuma akishika plau. Goti la chuma lilizama kwenye tope, akalichomoa kwa mikono, akaendelea. Hakutaka kupumzika. Alilima kama mtu anayefukuzwa, na mara kwa mara aligeuka kutazama barabara.

Askari walimkuta shambani. Walimkalisha juu ya mfuo aliotoka kuulima, wakafungua mikanda. Mguu waliusafisha taratibu kwa majani, maana ulikuwa mali ya watu. Yeye walimpakia kwenye baiskeli na tope lake.

Barazani, mbele ya hakimu, mguu uliwekwa mezani. Hakimu aliuliza kama aliondoka nao. Mseti akakubali.

"Kwa hiyo uliiba."

"Mheshimiwa, huyu alinikalisha kila asubuhi niseme ni wangu. Nilikataa. Akanifundisha mpaka nikaweza. Leo nimeiba vipi?"

Daktari, aliyeahirisha safari yake, aliposikia tafsiri alitabasamu. Kwa heshima aliomba mshtakiwa ahurumiwe. Alisema hili halikuwa jambo baya kwa upande wa elimu. Lilionyesha kwamba mafunzo yamekubali.

Hakimu alimshukuru kwa wema wake, akatoa miezi mitatu badala ya sita.

Nje, askari mmoja alimfunga Mseti pingu, mikono nyuma, kama kanuni inavyotaka. Mwingine akamletea magongo. Wakatazamana.

"Atashikaje?"

"Mfungue basi."

"Mfungwa haendi bila pingu. Nikiulizwa niseme nini?"

"Mbebe."

"Mbebe wewe."

Mokami aliyachukua magongo akasimama nayo. Aliposogea amwegemeze mumewe, askari alimrudisha: kumgusa mfungwa hakuruhusiwi. Mmoja akaenda kuuliza kwa mkubwa wake, na mkubwa alikuwa anakula.

Mseti akabaki kwa mguu mmoja katikati ya uwanja, mikono nyuma, akiruka kidogo huku na kidogo kule asianguke. Watu waliokuwa wakingojea kesi zao wakamsogelea kutazama.