Mlango Mweusi wa Pejo

Ocen alipokuwapo, hakuna picha ya upelelezi iliyotazamwa kimya. Televisheni ilikuwa ya Perpétue, fundi cherehani Mkongomani aliyepanga mlango wa pili kutoka kwao katika fleti za Bukoto, lakini mchezo ulikuwa wa Ocen. Gari likichungulia tu kwenye kioo, liwe la jambazi au la askari, wa kwanza kulitaja ndiye mshindi, na aliyeshindwa huinuka akachemshe chai.

"Zefa!"

"Zefa ya wapi? Hiyo ni Rova. Amito, kamata birika!"

Amito, mkewe, alikamata birika miezi mingi. Alikuja mjini akiwa mke mpya, kwake kila chenye magurudumu ni motokaa tu. Lakini Ocen, dereva wa polisi aliyependa magari kama wengine wanavyopenda ng'ombe, alimfundisha siri moja: usitazame jina, tazama kovu. Mwaka haujaisha, mke akawa anamchemshisha mume chai.

Kwa makovu ndivyo walivyoligundua lile Jagua jeupe. Awe shujaa huyu au yule, ikifika saa ya gari kutumbukia korongoni, lilikuwa Jagua lile lile, lenye bonde dogo juu ya gurudumu la mbele, na moto ule ule. Jumapili inayofuata utaliona zima, linakata kona mjini.

"Wabahili hao watengeneza picha!" Ocen alicheka akishika mbavu. "Wameliua mara moja, wanalifufua kila wiki. Gari lile halifi, Amito!"

Kisha asubuhi moja Ocen akaenda kazini na Pejo lake, asirudi.

Siku zile Waacholi wa polisi na jeshi, kama Ocen, walikuwa wakichukuliwa na watu wa usalama, wakipotea kama umande. Kuulizia aliyepotea ni kujiita upotee naye. Amito aliulizia mara moja tu kituoni, na askari aliyewahi kula ugali mezani kwake akainamisha uso akasema, "Nenda nyumbani, dada. Hapa usirudi."

Otema, mdogo wa Ocen, akashuka kutoka kwao Gulu kuja kumchukua Amito na bintiye mdogo, Acen.

"Shemeji, twende kabla hawajakumbuka kwamba ana mke."

"Akirudi akute pamefungwa?"

"Shemeji..."

"Nimeona maiti mimi? Simlilii mtu ambaye sijamlaza ardhini. Nikiondoka, nimemzika."

Jambo jingine hakulisema, maana lingemfanya aonekane amerukwa na akili. Kila usiku aliliota lile Jagua. Lilitumbukia, likaungua, likarudi. Kwa nini Ocen asirudi?

Jumapili ile Otema alikuwa amekata shauri. "Kesho basi la asubuhi. Nawe au bila wewe, na Mungu anisamehe."

Jioni wakaenda kwa Perpétue, kwa kuwa kutokwenda kungeulizwa. Siku hizi alikuwapo mtazamaji mwingine: jirani wa ghorofa ya juu, ambaye wote walimwita Afande ingawa hakuna aliyewahi kumwona na sare. Miwani myeusi, kama ya wale watu wa usalama, hakuivua hata mbele ya televisheni. Aliingia bila kualikwa, akajifunza mchezo, na akaupenda kama mtoto.

"Mama Acen!" alimpokea. "Leo utachemsha wewe. Nimekula kiapo."

"Tutaona, Afande."

Picha haijaanza, ilikuwa bado habari. Mkubwa mmoja alikuwa anafungua jengo sokoni Nateete, watu wanapiga makofi, msafara wa magari unapita polepole mbele ya kamera. Acen alikuwa mapajani mwa mama yake, ananyonya kidole.

Gari la kwanza. La pili. Likaja Pejo.

Pejo zilikuwa nyingi Kampala. Lakini hili lilikuwa jeupe kama maziwa, na mlango wake wa nyuma, upande wa kushoto, ulikuwa mweusi. Ocen alilinunua likiwa mzoga huko Namuwongo, karibu na reli, akalifufua kwa mikono yake. Mlango akautoa kwenye gari jingine lililoungua, akasema ataupaka rangi mwezi ujao, na mwezi ujao, hadi Acen akaufanya wake. Mtu mwingine akiushika, alilia.

Kwenye usukani alikaa mtu mnene, mkono nje ya dirisha, anatafuna kitu.

Jina la gari lilimfika Amito ulimini. Akaling'ata.

Acen akatoa kidole mdomoni, akakinyoosha kuelekea kioo. "Mlango wangu," akasema. "Baba..."

Amito akaushika mkono ule mdogo, akaugandamiza kifuani pake pamoja na uso wa mtoto.

"Pejo!" Afande akaruka. "Pejo mia nne na nne! Nimemshinda mama Acen!" Kisha akageuka. "Mtoto kasema nini?"

Otema akajifanya anatazama kioo.

"Anataka mlango, Afande," Amito akasema. Sauti ilitoka imenyooka, akaishangaa. "Akibanwa na haja husema hivyo. Na amezoea kupelekwa na baba yake."

Afande akairudisha miwani yake kwenye televisheni.

"Haya, mpeleke. Halafu chai! Umeshindwa, nyabo."

"Nimeshindwa."

Alimpitisha mtoto msalani, kisha akaingia jikoni kwa Perpétue, ambamo hamkuwa na mlango, pazia tu. Amito akamkalisha mtoto sakafuni na kipande cha muhogo, akajaza birika, akawasha jiko. Huko sebuleni picha ilikuwa imeanza, matairi yanapiga kelele. Alichungulia kando ya pazia. Jagua jeupe lilikuwa linapanda mlima, na ndani yake mtu aliyevaa kofia. Likafika ukingoni, likatumbukia.

Litarudi Jumapili ijayo, hilo alilijua. Lakini yule mwenye kofia? Akakumbuka Jumapili zote zile, yeye na Ocen wakihesabu makovu ya gari, wakicheka, na hakuna aliyewahi kumtafuta dereva. Kila lilipofufuka, aliyelishika usukani alikuwa mtu mwingine.

Otema akaingia kwa kisingizio cha vikombe.

"Hilo basi," Amito akasema chini, "linaondoka saa ngapi?"

"Alfajiri. Shemeji..."

"Usiniguse. Ukinigusa nitapiga yowe."

Kwao kifo cha mume hupigiwa yowe mpaka kijiji cha pili kisikie. Alijaza mdomo pindo la kanga, akateremka polepole ukutani hadi sakafuni. Acen akaacha muhogo, akamtazama.

Sebuleni, Perpétue aliyaona magoti ya Amito chini ya pazia. Akainuka, akasema, "Mashini hii, leo sauti iko chini sana," akazungusha kitufe hadi mwisho. Ving'ora vya polisi vikajaa nyumba nzima, na Afande, akipiga makofi kwenye mapaja, akawa anataja magari moja moja, peke yake.