Panga la Ukutani

Wiki tatu Mama Moto hakulala vizuri wala hakuongea na mtu vizuri. Mapanga kumi na moja ya injini ya ndege alikuwa ameyasubu kwa mikono yake, na yote shemeji yake, mume wa mdogo wake, aliyapima kwa eksirei akayakataa. Fuwele ya chuma imelala upande, alisema kila mara. Ikilala zaidi ya nyuzi kumi, panga litapasuka injini ikishika moto. Mama Moto akamwona ana lake jambo. Meneja naye alishachoka: la kumi na mbili likiharibika, tanuru anapewa mtu mwingine, yeye anahamia kwenye mabomba ya maji. Mabomba, jamani, baada ya miaka tisa!

Alibadilisha kila kitu. Nikeli mpya, kalibu mpya ya kumiminia chuma, akaishusha kalibu kutoka motoni polepole mpaka wenzake wa zamu wakamtania kwamba konokono angeshafika. Kitu kimoja tu hakukigusa: mbegu, kile kipande cha fuwele kinachokaa chini ya kalibu ili chuma kinachoganda juu yake kifuate mwelekeo wake, kama ukuta unavyofuata tofali la kwanza. Mbegu za kiwanda zilipokwisha, wiki tatu nyuma, alikata nyingine, kwa kufuata urefu, kwenye shina la panga lake la kwanza, lile lililompatia kazi, lililotundikwa ukutani juu ya meza yake. Aliamini zina baraka.

La kumi na mbili likatoka na nyuzi kumi na nane.

Alimvaa shemeji yake hapohapo, akamwambia mashine yake mbovu na roho yake mbovu zaidi. Shemeji aliipima mbegu iliyobaki, akamgeuzia kioo cha mashine asome mwenyewe. Kumi na nane.

"Shemeji," akauliza taratibu, "lile la ukutani nani alilipima?"

Mama Moto akakumbuka. Siku lile panga lilipotoka, mashine ilikuwa imeharibika. Mwalimu wake alilimwagia tindikali tu, akaona fuwele ni moja, haina mpaka popote, akamkumbatia. Imelala kiasi gani, hakuna aliyejua.

Hasira zilimpanda, akakosa pa kuzipeleka. Angeweza kunyamaza, aende zake mabombani, sifa yake ibaki ukutani. Lakini huyo atakayepewa tanuru angerithi mbegu zilezile, ahangaike vilevile. Akapanda kiti, akalishusha panga, akaliandika kumi na nane kwa kalamu nyekundu ya shemeji yake, ile ya kuandikia yaliyokataliwa, akaenda nalo kwa meneja.

"Hili ndilo la kwanza kuharibika," akasema. "Yale kumi na mawili yamelifuata tu."