Ndoo Tatu za Soya

Kwanza ilikuwa ndoo. Kila jioni Mama aliloweka ndoo moja ya soya ya kutengenezea tempe, vitonge vya soya iliyochachushwa ikashikamana, na asubuhi Rukmi aliikuta nyuma ya jiko. Jumatano ile alizikuta tatu.

Alizitazama kama vile mbili za ziada zingeona haya ziondoke. Kisha akapanda kigoda, akashusha kikopo cha dawa kutoka juu ya kabati. Vidonge vilikuwa vilevile tangu wiki iliyopita.

"Mama, hujameza dawa?"

"Nimefunga, nduk." Ndivyo alivyomwita binti yake tangu utotoni.

"Leo Jumatano."

"Nimefunga Jumatatu, kesho Alhamisi nafunga tena. Katikati napumzisha tumbo. Kwani unaniona mgonjwa?"

Kufunga siku hizo mbili lilikuwa wazo la Bibi Painem, mama yake Baba, eti hutuliza moyo. Mama akaanza kuruka vidonge siku za kufunga, halafu akaviacha kabisa. Daktari alishamwambia Rukmi kwamba dawa ile hairukwi hata siku moja. Lakini nani wa kumsikiliza msichana aliyeachishwa shule darasa la tano ili amwangalie mama huyohuyo?

Adhuhuri uani palijaa watu. Mama, nguo kaikunja hadi magotini, alikuwa ndani ya beseni akikanyaga soya kutoa maganda, anaimba, anamwita kila apitaye aje Ijumaa kuchukua tempe ya bure.

"Bu Tumini, leo una betri mpya!" jirani yao, Bu Sarinten, akamtania Mama.

"Mungu mwenyewe kanichaji! Wewe njoo na kapu, usiniletee kiganja."

Wakaangua kicheko. Hata Baba alicheka. Rukmi akamvuta kando.

"Baba, tumpeleke kituo cha afya leo. Dawa kaacha."

"Mwache bwana. Mwaka jana alilala kageukia ukuta miezi mitatu, hasemi na mtu. Leo anacheka, wewe unanuna?"

"Lakini kabla ya ukuta si alicheka hivihivi?"

Baba alishamgeuzia mgongo. Katika miezi ile mitatu Lilis, kitinda mimba wao, alijifunza kutembea, na Mama hakuona hata hatua moja. Rukmi ndiye aliyempigia makofi.

Jioni walifunga tempe kwenye majani ya mgomba hadi vidole vikauma. Vifurushi vya tempe hupangwa kwa kuachiana nafasi, maana chachu ikishaanza kazi hujitia joto yenyewe. Mama alivirundika hadi kiunoni, akavifunika magunia. Rukmi akavitandaza. Alipotoka kumwogesha Lilis na kurudi, alikuta rundo limesimama tena.

"Mama, vikibanana vinaungua."

"Nani kakufundisha tempe wewe?"

"Wewe."

"Basi mwalimu kabadili somo!"

Alhamisi ilikuwa hivyohivyo. Huyu anatandaza, yule anarundika. Kufikia jioni Rukmi alichoka, akaacha.

Ijumaa baada ya sala majirani walikuja na makapu. Harufu iliwapokea mlangoni. Bu Sarinten alifungua kifurushi cha kwanza, akakutana na uji mweusi unaovutika. Akafungua cha pili. "Basi, siku nyingine, Bu," alisema huku akijifutia vidole kwenye jani. Waliondoka mmojammoja, bila utani. Baba naye akakumbuka kwamba ana kazi shambani.

Mama akabaki anacheka peke yake. "Kidogo tu kimeharibika. Leo naloweka ndoo sita!"

Rukmi alileta kidonge na kikombe cha maji.

"Kesho, nduk."

Siku zote hapo ndipo alipokiweka kikombe chini na kwenda zake. Safari hii hakukiweka. Alikisogeza karibu na midomo ya Mama.

"Meza sasa hivi, Mama. Mimi naogopa."

"Unaogopa nini na mimi nina furaha?"

"Hiyo hiyo."

Mama aliacha kucheka. Akapokea kikombe, kidonge akakishika kiganjani, bado hajakimeza. Rukmi akaona asiponyoosha maneno leo, basi tena.

"Ukigeukia ukuta najua ulipo, Mama. Nalala usingizi. Ukicheka ndipo nakuogopa. Mwaka jana, ulipocheka, mimi nilimwomba Mungu urudi ukutani upesi, nipumzike."